Figo ya dada na vidonge vya saa mbili

Katika mtaa ninaokaa hapa Dar es Salaam yupo fundi cherehani mmoja ambaye kwa miaka mitatu alijulikana kwa jambo moja la ajabu. Kila jioni, mlio wa taarifa ya habari ya saa mbili ulipoanza kusikika redioni, aliacha kazi, akaingia nyuma ya pazia la kibanda chake, akakaa humo dakika mbili hivi, kisha akarudi kwenye cherehani akifuta mdomo. Asubuhi saa mbili ilikuwa vivyo hivyo. Watu wa mtaani, kama mnavyotujua, hatukosi maneno. Wapo waliosema fundi anapata kinywaji chake kwa siri. Wengine wakasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba dawa zenye saa maalumu tunazijua ni za ugonjwa gani.

Haikuwa hivyo hata kidogo. Bwana huyu figo zake zote mbili zilikufa, na mwaka 2016 dada yake mkubwa, mama anayeuza samaki pale Feri, alimpa figo yake moja. Upasuaji ulifanyika India, kwa kuwa wakati ule hapa kwetu huduma hiyo ilikuwa haijaanza. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017 kwa kushirikiana na wataalamu wa India, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza. Vile vidonge vya nyuma ya pazia vilikuwa na kazi moja tu, kuuzuia mwili wa fundi usiishambulie figo ya dada yake.

Mwaka 2019 aliacha kuvimeza kama alivyoagizwa. Yaliyompata baadaye nitayaeleza, na nina ruhusa yake kuyaeleza, mradi nisitaje jina. Lakini kwanza tuelewane kuhusu vidonge vyenyewe, maana nimegundua kwamba wengi wetu tunafikiri figo ikishashonwa na kidonda kikapona, kazi imekwisha. La hasha. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Sisi wa Afrika Mashariki maneno "kinga ya mwili" tulijifunza kwa njia mbaya. Tuliyasikia katika miaka ya 1980 na ya 1990 wakati wa UKIMWI, tukaelewa kwamba kinga ikipungua mtu anakwisha. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba zipo dawa ambazo kazi yake ni kupunguza kinga ya mwili kwa makusudi, na kwamba daktari ndiye anayeziandika, hushtuka. Ana haki ya kushtuka.

Ukweli ni kwamba kinga ni kama askari wa mpakani. Kila chembe ya mwili wako imebeba juu yake alama fulani, tuseme ni kitambulisho, na vitambulisho hivyo unavirithi nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Chembe nyeupe za damu huzunguka usiku na mchana zikikagua. Zikikuta kitambulisho cha nyumbani hupita. Zikikuta cha kigeni, hupiga mbiu, huzaana kwa maelfu na kushambulia. Askari hawa hawajui kwamba figo imeletwa kwa nia njema. Kwao wao figo ya dada na kijidudu cha homa ya mapafu ni wageni wawili waliovuka mpaka bila kibali.

Ndiyo maana madaktari hutafuta kwanza ndugu wa tumbo moja. Kwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja, upo uwezekano wa mmoja katika wanne kwamba vitambulisho vikuu vitafanana vyote, wawili katika wanne kwamba vitafanana nusu, na mmoja katika wanne kwamba havitafanana kabisa. Fundi wetu na dada yake walifanana nusu. Hiyo si mbaya, lakini nusu iliyobaki inatosha kabisa kuanzisha vita.

Aliyefumbua jambo hili ni Mwingereza mmoja, Peter Medawar. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akishughulika na watu walioungua, ambao madaktari walijaribu kuwafunika vidonda kwa ngozi za watu wengine. Ngozi ilishika siku chache, kisha ikanyauka na kubanduka. Mwaka 1943 Medawar na mwenzake Thomas Gibson walieleza jambo ambalo nawaombeni mliweke akilini, kwa maana nitalirudia mwishoni: ngozi ya mtu yule yule ikiwekwa mara ya pili kwa mgonjwa yule yule, hubanduka haraka zaidi kuliko mara ya kwanza. Yaani mwili una kumbukumbu. Haukusahau mgeni aliyekuja mwanzo. Kwa kazi yake juu ya kinga Medawar alipata tuzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Sasa basi, upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulikwepa tatizo hili lote kwa ujanja mmoja. Ilikuwa tarehe 23 Desemba 1954 katika mji wa Boston, Marekani. Richard Herrick alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa figo, naye alikuwa na pacha wake, Ronald. Daktari Joseph Murray alitaka kuhakikisha kwamba ni mapacha wa kufanana kabisa, basi wakapelekwa mpaka polisi wakachukuliwe alama za vidole! Pia walibandikwa vipande vya ngozi, kila mmoja kutoka kwa mwenzake, vikashika bila shida. Figo ilipowekwa, mwili wa Richard haukuitambua kuwa ni ngeni. Hakumeza kidonge hata kimoja cha kushusha kinga. Alipona, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, akaishi miaka minane. Ronald aliyetoa figo aliishi mpaka mwaka 2010 na figo yake moja, akafikisha umri wa miaka 79. Hilo nawatajia wale wanaouliza kila siku kama anayetoa figo hufa mapema.

Lakini ni wangapi wenye pacha? Kwa wengine wote ilibidi askari wa mwili watulizwe. Mwanzo madaktari walitumia mionzi, wakammulika mgonjwa mwili mzima. Kinga ilikufa kweli, na wagonjwa wengi wakafa nayo. Afadhali ikaja mwaka 1959, Wamarekani Robert Schwartz na William Dameshek walipoonyesha kwamba dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya damu iliwafanya sungura washindwe kupigana na kitu kigeni. Daktari kijana wa Uingereza, Roy Calne, akaijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo, nao wakaishi zaidi ya ilivyotegemewa. Kutoka hapo ikapatikana azathiopurini, kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, ambao walipewa Nobel mwaka 1988. Mwaka 1962 Murray aliitumia kwa mgonjwa aliyepewa figo ya mtu asiye ndugu yake, na figo ikafanya kazi zaidi ya mwaka. Mwaka uliofuata Thomas Starzl wa Denver akaongeza dawa za jamii ya prednisoloni, zile ambazo wenye pumu wanazifahamu. Mchanganyiko huo wa dawa mbili ndio uliotumika duniani kwa karibu miaka ishirini.

Ulisaidia, ila kwa kiasi. Tukumbuke habari iliyotikisa redio zote mwaka 1967. Tarehe 3 Desemba, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimwekea moyo wa mtu mwingine mfanyabiashara aitwaye Louis Washkansky. Dunia nzima ilishangilia. Washkansky aliishi siku 18. Na hakuuawa na moyo, wasikilizaji; moyo ule ulidunda vizuri mpaka mwisho. Aliuawa na homa ya mapafu. Dawa zilizowazuia askari wasiushambulie moyo ziliwazuia pia wasipambane na vijidudu vya mapafuni. Mwaka uliofuata hospitali nyingi duniani zilikimbilia kupandikiza mioyo, wagonjwa wakafa mmoja baada ya mwingine, na karibu zote zikaacha. Mikono ya wapasuaji ilikuwa tayari, ila dawa ilikuwa bado.

Dawa ilitoka kwenye udongo. Kampuni ya Sandoz ya mjini Basel, Uswisi, ilikuwa na desturi kwamba mfanyakazi akienda likizo au safari ya kikazi arudi na udongo kidogo ndani ya mfuko, ili wakatafute humo ukungu unaoweza kutoa dawa za kuua vijidudu, kama penisilini ilivyotokana na ukungu. Mwaka 1969 mfanyakazi mmoja aliyekuwa mapumzikoni alichota udongo katika nyanda za juu za Hardangervidda, Norway, mahali pa baridi pasipoota mti. Ukungu uliopatikana humo ulitoa kitu ambacho kama dawa ya vijidudu kilikuwa hafifu. Kingeweza kutupwa. Lakini mwaka 1972 maabara ya Hartmann Stähelin na Jean-François Borel iliona kwamba kinatuliza kinga bila kuua chembe ovyo ovyo, jambo ambalo dawa zilizotangulia hazikuliweza. Mabwana hao baadaye walizozana miaka mingi juu ya nani hasa mgunduzi, na mimi sina haja ya kuwaamulia.

Kitu hicho ndicho siklosporini. Kilikuwa na kasoro moja: hakiyeyuki katika maji, na walipokitia katika vidonge hakikuingia kwenye damu. Inasimuliwa kwamba Borel alikiyeyusha katika pombe akakinywa mwenyewe, akalewa kidogo, na damu yake ilipopimwa dawa ikaonekana imo. Huko Cambridge, katika maabara ya yule Roy Calne wa mbwa, mtafiti mmoja kutoka Ugiriki alifaulu kukiyeyusha kwa mafuta ya zeituni ya kwao. Mwaka 1978 Calne alianza kukitumia kwa wagonjwa. Dozi za mwanzo zilikuwa kubwa mno, zikaziumiza figo zile zile zilizokuwa zikilindwa. Wakapunguza, wakachanganya na prednisoloni, na mambo yakabadilika. Zamani figo iliyotoka kwa marehemu ilikuwa na nafasi kama nusu kwa nusu ya kufikisha mwaka mmoja. Kwa siklosporini nafasi ikawa kama nane katika kumi. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1983. Upandikizaji wa mioyo na maini, uliokuwa umelala, ukaamka.

Ndugu zake siklosporini nao wametoka ardhini. Takrolimasi, ambayo leo ndiyo inayotumika zaidi, iligunduliwa mwaka 1984 katika udongo wa Tsukuba, Japani. Sirolimasi ilitoka katika udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki, uliochukuliwa na msafara wa wanasayansi kutoka Kanada mwaka 1964. Fikirini, mtu anatembea juu ya dawa maisha yake yote bila kujua.

Sasa dawa hizi hufanyaje kazi? Nimesema kwamba chembe nyeupe ikimwona mgeni hupiga mbiu. Mbiu hiyo si maneno ya mdomoni. Ni kemikali ambayo chembe huitengeneza na kuitoa ili wenzake waje na wazaane. Siklosporini na takrolimasi huziba njia ya ndani ya chembe inayoelekea kwenye kuitengeneza mbiu hiyo. Askari anamwona mgeni, anataka kupiga filimbi, filimbi haina sauti. Dawa ya pili, ambayo siku hizi aghalabu ni mikofenoleti badala ya azathiopurini, huzinyima chembe malighafi ya kuzaliana, ili hata zikisikia mbiu zisiwe jeshi. Ya tatu, prednisoloni, hutuliza fujo kwa jumla. Wagonjwa wengi humeza hizi tatu kwa pamoja, kila moja kwa kiasi kidogo, kwa sababu moja peke yake ingehitajika nyingi kiasi cha kuleta sumu.

Neno kiasi ndilo lenye uzito wote. Takrolimasi ikipungua katika damu, mwili unaikataa figo. Ikizidi, inaiunguza figo, mikono inatetemeka, sukari inapanda. Nafasi kati ya kupungua na kuzidi ni nyembamba, na watu hawafanani. Dozi inayomtosha mmoja inamlevya mwingine. Kwa hiyo hakuna mgonjwa anayeweza kukadiria kwa hisia zake, lazima damu ipimwe. Na siku ya kupimwa, dozi ya asubuhi haimezwi mpaka damu imeshachukuliwa, kwa sababu daktari anataka kujua dawa imeshuka mpaka wapi kabla ya dozi nyingine. Nimeambiwa wagonjwa wengi huikosea hii, wakameza alfajiri nyumbani ili wasichelewe, halafu kipimo kinaonyesha dawa ni nyingi, daktari anapunguza dozi bure.

Ndiyo sababu pia ya saa mbili na saa mbili. Dawa hizi huisha mwilini taratibu, kila baada ya saa kumi na mbili inabidi nyingine iingie. Waislamu wameniuliza kuhusu Ramadhani. Kwetu hapa kati ya daku na futari ni saa kumi na tatu na ushei, si kumi na mbili, na pia kuna suala la maji ambayo figo inayahitaji. Zipo takrolimasi zinazomezwa mara moja kwa siku. Lakini kubadilisha kutoka aina moja hadi nyingine ni kazi ya daktari, pamoja na vipimo, na wengine huambiwa wazi kwamba wasifunge. Asiwepo mtu wa kujipangia mwenyewe.

Yapo na mengine ya kuangalia. Balungi, tunda na maji yake, huzuia dawa hizi zisivunjwe mwilini, zikajaa kwenye damu mpaka zikawa sumu. Chungwa la kawaida halina neno. Dawa za fangasi kama flukonazoli, na dawa za vijidudu kama erithromaisini, hufanya hivyo hivyo. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hufanya kinyume chake kwa nguvu sana: ini huivunja takrolimasi haraka, na mgonjwa anayemeza kwa uaminifu kila siku anaweza kuipoteza figo akishangaa. Katika nchi zetu zenye kifua kikuu jambo hili si la vitabuni. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo tunazinunua dukani kama pipi, huiumiza figo hiyo moja. Chanjo zenye virusi hai, kama ile ya homa ya manjano, hazifai. Mikofenoleti humdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayetaka kuzaa abadilishiwe kabla ya kushika mimba, si baada. Na mitishamba, ambayo mimi siipingi kwa jumla, hapa ni hatari kwa sababu hakuna anayejua itaifanyia nini takrolimasi.

Pamoja na hayo dawa zenyewe zina makali. Prednisoloni huvimbisha uso mpaka watu wanadhani umenenepa. Siklosporini huotesha nywele mwilini na kukuza ufizi. Magonjwa nyemelezi hayakosi, na baadhi ya saratani hupata mwanya. Kaposi, ile tuliyoiona sana wakati wa UKIMWI, huwapata pia waliopandikizwa figo, na wakati mwingine hupungua mgonjwa akiondolewa dawa nyingine akapewa sirolimasi. Nikitaja UKIMWI niongeze habari moja njema: katika hospitali ile ile ya Groote Schuur, mwaka 2008, daktari Elmi Muller alianza kuwapandikiza watu wenye virusi vya UKIMWI figo kutoka kwa marehemu waliokuwa na virusi hivyo hivyo, jambo ambalo wengi walisema haliwezekani. Wagonjwa wake walimeza dawa za virusi pamoja na dawa za kushusha kinga, wakaishi.

Turudi kwa fundi.

Katika miaka ile mitatu alikuwa mzima kuliko mimi. Alibeba majora ya vitambaa kutoka Kariakoo, alishona sare za shule mpaka usiku wa manane. Dawa za kila mwezi zilikuwa zikilipwa kwa mchango wa ndugu, na kama ilivyo michango yetu, mwanzo kila mtu alitoa, mwaka wa pili wakabaki wachache, mwaka wa tatu wakabaki fundi na dada yake. Januari 2019 zikakutana ada za watoto na kodi ya kibanda. Fundi akafanya hesabu ambayo masikini yeyote angeifanya. Dozi ya mwezi mmoja akaigawa iwe ya miezi miwili: akaacha ya asubuhi, akabaki na ya jioni.

Wiki ya kwanza hakusikia kitu. Ya pili, hali kadhalika. Kwa hakika alijisikia vizuri zaidi, kwa sababu mikono iliacha kutetemeka na uzi ukawa unaingia kwenye tundu la sindano mara moja. Alinieleza hilo mwenyewe, kwamba ndilo lililomdanganya. Isitoshe, maneno ya mtaani yalipungua. Na jamaa mmoja akamletea mizizi ya kuchemsha, ya "kusafisha figo".

Figo inayokataliwa haiumi. Jino hulia, tumbo hulia, figo hunyamaza. Kipimo cha damu kiitwacho kreatinini kingeonyesha mapema, na figo ikikamatwa mapema madaktari huweza kuipigania kwa sindano za prednisoloni kali kwa siku chache, na mara nyingi hushinda. Lakini kipimo nacho kina bei, na fundi alikuwa ameruka miadi miwili kwa kuogopa kuulizwa habari za dawa. Alipokwenda, miguu ilikuwa imevimba na pumzi inambana. Walichoma sindano wakachukua kipande kidogo cha figo wakakiangalia kwa hadubini. Ilikuwa imeshajaa makovu.

Siku ya kumwambia dada yake nilikuwepo, kwa sababu aliniomba nimsindikize. Tulimkuta Feri anapanga samaki. Fundi aliongea akiangalia chini. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia umeishiwa? Ningeuza hata friji." Kisha akaniuliza mimi, kama kwamba mimi ni daktari, iwapo ile figo ikitolewa inaweza kurudishwa kwake. Nilimwambia haiwezekani.

Sitaki kumlaumu fundi peke yake. Sisi tuliochanga kwa ajili ya upasuaji, tukapiga picha uwanja wa ndege, hatukujua kwamba tunachangia nusu ya kwanza tu. Hakuna aliyekaa naye na kalamu akajumlisha bei ya dawa kwa miaka kumi kabla dada hajapanda meza ya upasuaji. Mahali walipohudumiwa waliandikiwa karatasi ya dawa kwa maneno ya kitaalamu, wakatakiwa heri. Nasema hivi kwa sababu zipo familia zinazosikiliza sasa hivi ambazo ziko katikati ya michango kama ile, nami naziomba hesabu hiyo zifanye leo, na fungu la vidonge liwekwe kando na fungu la upasuaji.

Tangu mwaka 2019 fundi husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kibanda chake hufunguliwa siku zinazobaki. Mdogo wao wa mwisho, aliyekuwa bado mwanafunzi wakati ule, sasa ni mtu mzima, naye amejitolea kutoa figo. Aina ya damu inafanana, na vitambulisho vinafanana nusu, kama vya dada.

Hapa ndipo nilipowaomba mkumbuke ngozi za Medawar. Mwili wa fundi umeshawahi kupigana na figo, na umebaki na silaha zake, zile kingamwili zinazoelea ndani ya damu. Mdogo wake anazo baadhi ya alama zile zile alizokuwa nazo dada, maana wote ni wa baba na mama mmoja. Kabla ya upasuaji maabara huchukua chembe za damu za mtoaji, ikazichanganya na maji ya damu ya mpokeaji. Zikishambuliwa humo, figo ikiwekwa inaweza kugeuka nyeusi mgonjwa akiwa bado juu ya meza. Mara ya kwanza walipochanganya, chembe za mdogo wake zilishambuliwa. Madaktari wamesema zipo njia za kuzipunguza kingamwili hizo, kwa kuichuja damu na kwa dawa nyingine, lakini ni ghali na hakuna ahadi. Wamemwagiza arudi wachanganye tena. Ameshatoa damu Jumatatu iliyopita, na majibu anayategemea mwishoni mwa mwezi.